Gofu, Hame na Tongo: Ushahidi wa Lugha katika Mahali pa Kale pa Tanzania



Msafiri atakaye kuona Kilwa Kisiwani huanzia Kilwa Masoko, yapata kilometa 300 kusini mwa Dar es Salaam. Hapo hupata kibali, hupanda mashua, na baada ya kuvuka mlango wa bahari hujikuta mbele ya jengo kubwa la mawe liitwalo Gereza. Mgeni ajuaye Kiswahili hana budi kuuliza ni nani waliofungwa humo. Swali ni la haki, lakini limezaliwa na neno, si na jengo. Jengo lile ni ngome. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512. Hiyo ionekanayo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani wa mwanzoni mwa karne ya 19, waliojenga juu ya masalio ya awali.

Neno lenyewe limesafiri zaidi ya jengo. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo ilidondoka. Konsonanti mbili zilizofuatana zikatenganishwa kwa irabu, kama ilivyo desturi ya Kiswahili kwa maneno ya mkopo. Na sauti ya mwisho ambayo Kiswahili hakina ikawa /z/. Kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, jina la kilichomo likawa jina la kilichokizunguka. Na kwa kuwa ngome za pwani baadaye zilifanywa mahali pa kufungia watu, kama Ngome ya Yesu ya Mombasa ilivyotumiwa kati ya mwaka 1895 na 1958, maana ikahama tena. Kanisa, ngome, kifungo: neno moja limebeba zaidi ya karne nne za historia ya pwani, na mgeni hupita mbele yake akidhani ameambiwa kwamba hapa palikuwa na wahalifu.

Mhadhara huu unahusu jambo hilo. Tanzania imejaliwa mahali pengi pa kale panapotembelewa na wasafiri wa ndani na wa nje, na kuhusu mawe, vigae na mifupa ya mahali hapo yameandikwa mengi. Kuhusu maneno yameandikwa machache, nayo machache hayo mara nyingi yamo katika majarida ambayo mwongoza wageni wa Kilwa au Bagamoyo hayaoni. Matokeo yake ni kwamba majina hufasiriwa kwa kubahatisha, na ubahatishaji huo hugeuka kuwa historia anayorudi nayo msafiri nyumbani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la mahali ni kigae miongoni mwa vigae: lina tabaka, lina umri, na lisomwe kwa kanuni.

Maneno ya kuitia mahali palipoachwa

Kiswahili hakikukosa maneno ya jambo hili kabla ya wataalamu kubuni istilahi ya *malikale*. Yapo angalau matatu, wala hayana maana moja. *Gofu* ni kiunzi cha kitu kilichokwisha uhai: nyumba iliyobaki kuta, na hata mwili uliokonda ukabaki mifupa. *Hame*, ambalo husikika zaidi katika wingi, *mahame*, limetokana na kitenzi *hama*. Ni mahali palipokuwa na watu wakaondoka. *Tongo* na *matongo* lina maana ya karibu na hiyo, na leo linasikika zaidi katika majina kuliko katika mazungumzo.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Gofu huelekeza jicho kwenye ukuta. Hame huelekeza fikra kwa watu. Msafiri akiambiwa anakwenda kuona magofu, atatazama mawe, atapiga picha, atauliza yamejengwa mwaka gani. Akiambiwa anakwenda kwenye mahame, atauliza walikwenda wapi. Swali la pili ndilo gumu, na ndilo ambalo mara nyingi halina kibao cha kulijibu.

Tongoni, kusini mwa Tanga, ni mfano uliokamilika. Jina hilo ni *tongo* pamoja na kiambishi cha mahali *-ni*: kwenye mahame. Maana yake ni kwamba jina hili haliwezi kuwa la mji wenyewe ulipokuwa hai. Hakuna watu wanaouita mji wanaoishi kwa jina la kuhamwa. Ni jina walilolitoa waliokuja baadaye au waliobaki kando. Jina linalohusishwa na pwani hiyo katika habari za zamani ni Mtangata, na karibu na hapo Vasco da Gama, akirejea kutoka India mwaka 1499, aliichoma moto mojawapo ya merikebu zake kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mgeni wa leo huona msikiti ulioporomoka na makaburi mengi, baadhi yakiwa na nguzo. Akielewa jina, atakuwa amejua jambo ambalo mawe hayasemi: kwamba kulikuwa na jina la kwanza, na kwamba lilipisha jingine.

Kinyume chake ni Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia. Kua ni hame kwa maana kali kabisa: mji ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakauawa au kuchukuliwa, na kuta zikaachiwa mibuyu. Hata hivyo jina lake halikubadilika kuwa Tongoni wala Mahameni. Kumbukumbu ya watu wa Mafia ililihifadhi.

Na Kilwa Kisiwani je? Hapo istilahi zote tatu zinasita, kwa sababu kisiwa hakijahamwa. Kina kijiji, kina wavuvi na wakulima, kina watoto wanaocheza pembeni mwa msikiti wa karne ya 14. Kukiita kisiwa kizima magofu ni kuwafanya wenyeji kuwa wageni katika mahali pao.

Kilwa na sarufi ya majina yake

Hakuna mahali pa kale nchini panapofaa kusomwa kwa jicho la mwanaisimu kama Kilwa, na kwa hiyo si vibaya kukaa hapo kwa muda.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, alipanua Msikiti Mkuu kwa kuba na matao, na mashariki ya mji, ukingoni mwa jabali linalotazama bahari, akajenga jumba lenye vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la pembe nane. Jumba hilo leo huitwa Husuni Kubwa. Jirani yake kuna jengo la mstatili lenye kuta nene, Husuni Ndogo, ambalo kazi yake ingali inabishaniwa. *Husuni* limetoka katika Kiarabu *husun*, wingi wa *hisn*, yaani ngome. Lakini uchimbaji wa Neville Chittick, uliofanyika hasa katika miaka ya 1960 na kuchapishwa kwa majuzuu mawili mwaka 1974, ulionyesha wazi kwamba Husuni Kubwa lilikuwa jumba la kifalme na la biashara, wala halikuwa ngome. Aliyelipa jina hilo, basi, hakuwa aliyelijenga, na huenda hakupata kuliona likiwa na paa. Aliona kuta kubwa zimesimama juu ya bahari, akazifananisha na alichokijua.

Jambo la pili ni la kisarufi. Katika Kiarabu *husun* ni wingi. Katika Husuni Kubwa neno hilo limeingizwa katika ngeli ambayo Kiswahili huwapokelea wageni wengi, na kivumishi kimelifuata kwa upatanisho wa ngeli hiyo. Mzizi ni wa Kiarabu. Mfumo ni wa Kibantu mtupu. Kadhalika Songo Mnara, kisiwa jirani chenye mji wa karne ya 14 na 15: *mnara* limetokana na *manara* la Kiarabu, lakini silabi yake ya kwanza imesikiwa kama kiambishi cha ngeli, na ndiyo maana wingi wake ukawa *minara*. Huo ndio mwenendo wa Kiswahili tangu kale. Kinapokea neno, kisha kinalivisha nguo za nyumbani.

Makutani ni kisa kingine. Hilo ni jumba lililozungushiwa ukuta mrefu karibu na ufuo, na sehemu yake kubwa hunasibishwa na karne ya 18. Msikilizaji wa haraka atalihusisha jina hilo na kitenzi *kutana*, na kwa kuwa wafalme hukutana na watu, maelezo yatampendeza. Sarufi haikubali kwa wepesi. Nomino ya *kutana* ni *makutano*, na mahali pake pangekuwa *makutanoni*. Umbo *makutani* linataka nomino *makuta*, nalo ni wingi wa ukubwa wa *ukuta*: kuta kubwakubwa. Mwenye kusimama hapo na kuinua macho hatahitaji hoja nyingine, ingawa mwanafunzi makini ataendelea kuzingatia kwamba umbo peke yake halithibitishi historia. Linaondoa tu maelezo yasiyowezekana.

Suala kubwa zaidi la Kilwa ni asili ya watu wake, na hapa ndipo maelezo anayopewa msafiri yanapoweza kudhuru. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno uliomo katika kazi ya João de Barros ya karne ya 16, na mswada wa Kiarabu uliohifadhiwa London, ulionakiliwa katika karne ya 19. Zote zinasimulia juu ya Ali bin al-Hasan aliyekuja na jamaa zake kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo, ambazo katika mswada wa Kiarabu zilitosha kukizunguka. Kisa hiki kinapendeza, na kinasimulika. Ubaya wake ni kwamba kikisimuliwa peke yake, pwani huonekana kuwa ilikuwa tupu mpaka merikebu ilipotia nanga.

Mswada wenyewe hausemi hivyo. Unasema waliofika walimkuta Mwislamu pamoja na watoto wake, na msikiti. Jina la mtu huyo, kama wasomaji wa mswada walivyozoea kulisoma, ni Muriri wa Bari. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kiunganishi *wa* kati ya majina mawili, jambo ambalo ndani ya maandishi ya Kiarabu huweza kupita bila kuonwa. Inawezekana hati ya Kiarabu ikasomwa vingine, na tahadhari inatakiwa. Lakini haifai kwamba kitu kidogo chenye uzito kama huu kikose nafasi katika maelezo ya Msikiti Mkuu, ilhali nguo zilizozunguka kisiwa hazikosi.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa Wazanji weusi sana wenye chanjo usoni. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na matini yake inasema umejengwa kwa miti. Kauli hiyo imewashughulisha wataalamu wanaouona msikiti wa mawe uliosimama wakati huohuo. Jibu lililo karibu ni kwamba watu wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti na udongo, na kwamba msafiri huyo aliona mji mzima, ilhali wageni wa leo huona sehemu iliyodumu tu. Kazi iliyofanywa Songo Mnara kuanzia mwaka 2009 na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher imesaidia sana katika hilo, kwa kuchunguza nafasi zilizo baina ya majumba ya mawe: mahali pa kazi, pa maziara, na nyumba za udongo zisizoacha gofu.

Ushahidi wa lugha juu ya asili umekuwapo kwa muda mrefu. Derek Nurse na Thomas Spear walikwisha kueleza mwaka 1985, na Nurse pamoja na Thomas Hinnebusch wakafafanua kwa kirefu mwaka 1993, kwamba Kiswahili ni mmoja wa ndugu wa kundi la Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Maneno ya Kiajemi yamo, lakini ni machache, na tabia yake ni ya bandarini na sokoni: *nahodha*, *bandari*, *pamba*, *serikali*, baadhi yakiwa yamepitia Kiarabu au lugha za Kihindi. Hayo ni maneno ya watu waliofanya biashara pamoja. Wanaakiolojia nao, Felix Chami akiwa miongoni mwa walioongoza, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba vyungu vya miji ya mwanzo vimetokana na vya wakulima na wafua chuma wa pwani na bara.

Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara, ulichapishwa katika jarida *Nature*, na matokeo yake yakashangiliwa na pande mbili zilizokuwa zikibishana, kila upande ukichukua nusu iliyoupendeza. Ulionyesha kwamba watu wengi waliozikwa katika miji hiyo walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia kwa pamoja, kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000, kwamba asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama, na kwamba ile ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Kwa mwanaisimu hapana mgongano. Simulizi ya Shirazi ina chembe ya kweli ya nasaba. Kiswahili kina ukweli wa malezi. Mtoto hujifunza kusema kwa mama yake na kwa majirani zake, na ndivyo lugha ya Kibantu ilivyobaki ya Kibantu katika nyumba zilizojivunia babu wa ng'ambo. Mwongoza wageni akiweza kusema sentensi hiyo moja mbele ya Msikiti Mkuu, atakuwa amewatendea haki wote waliozikwa hapo.

Sarafu za Kilwa nazo zistahili neno. Ni za shaba, ndogo, zina majina ya masultani kwa Kiarabu, na maandishi ya upande mmoja yana kina na ya upande wa pili. Watu waliotia vina hata kwenye pesa! Moja, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Unguja kabla ya kuitwa Unguja

Kwa wageni wengi Zanzibar ni Mji Mkongwe, uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mji huo hauhitaji kutetewa kwa maneno, bali kwa chokaa na boriti: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Lakini Mji Mkongwe ni mtoto. Kusini mwa kisiwa kuna Unguja Ukuu, ambako uchimbaji, pamoja na ule ulioandikwa na Abdurahman Juma mwaka 2004, umefichua makazi na biashara ya mbali tangu kabla ya karne ya 8. Na Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107.

Jina la Unguja lina kisa ambacho kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili angepaswa kukijua kabla ya kuhitimu. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki katika karne ya 9, anagawa Wazanji katika makundi mawili, Qanbalu na jina linaloandikwa kwa herufi zinazosomeka Lunjuya au Lanjuya. Wataalamu wengi hulihusisha na Unguja. Je, yanafananaje? Kiarabu cha maandishi hakina /g/ ya Kiswahili, hivyo mwandishi huikaribia kwa jim. Silabi ya kwanza, *lu-*, ndiyo kiambishi cha kale cha ngeli ambacho katika Kiswahili kimepoteza /l/ na kubaki *u-*. Linganisha *ulimi* wa Kiswahili na *lulimi* wa Kiganda. Silabi ya mwisho ina /y/ pale ambapo lahaja ya Unguja leo ina /j/, nao ni mlingano uleule unaosikika kati ya lahaja za kaskazini na za kusini: *yana* na *jana*, *yua* na *jua*. Hivyo *Lunguya* ikawa *Unguja* kwa mabadiliko mawili yanayojulikana, yasiyohitaji kulazimishwa.

Maana yake si ndogo. Zaidi ya miaka 200 kabla ya maandishi ya Kizimkazi, na kabla ya Ali bin al-Hasan yeyote, mabaharia walikuwa wakikiita kisiwa hiki kwa jina lenye kiambishi cha Kibantu, na jina hilo likafika Basra. Al-Masudi naye, aliyesafiri bahari hii mapema katika karne ya 10, aliandika cheo cha wafalme wa Wazanji kwa herufi ambazo wengi huzisoma *wafalme*, ingawa usomaji huo una wapinzani. Mgeni anayefika Unguja Ukuu haoni kuta za kumshangaza: mashamba, ufuo, vigae miguuni. Hapo ndipo jina linapopaswa kufanya kazi ambayo mawe hayawezi.

Bagamoyo na huzuni isiyo mahali pake

Jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa namna mbili, na kila moja ina wenyewe. Wapo wasemao ni mapumziko ya mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo na wasiwasi. Wapo wasemao ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake ufuoni kabla ya kupakiwa chomboni. Umbo halina utata: ni *bwaga moyo*, na kudhoofika kwa /w/ baada ya /b/ ni jambo linalosikika kila siku, kama *bwana* linavyokuwa *bana*. Lakini umbo haliwezi kuamua kati ya maana hizo, kwa sababu *bwaga* hukubali zote mbili: mzigo hubwagwa kwa faraja, na moyo hubwagwa kwa kukata tamaa.

Hapa mwanaisimu hana budi kumpisha mwanahistoria. Njia ya kati iliyoishia Bagamoyo ilikuwa zaidi ya yote njia ya pembe za ndovu, na maelfu waliopita humo kila msimu walikuwa wapagazi huru wa ujira, Wanyamwezi wakiwa wengi wao, watu wenye ufundi, nidhamu na nyimbo zao. Watumwa walipita pia. Kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, ni ushahidi tosha. Ila bandari kuu ya kusafirishia watumwa ya mrima katika karne ya 19 haikuwa Bagamoyo. Ilikuwa Kilwa Kivinje.

Kuna ukatili fulani katika jambo hilo. Bagamoyo, iliyo karibu na Dar es Salaam na yenye jina linalokubali machozi, imebebeshwa huzuni ya pwani nzima. Kivinje, ambayo jina lake linahusu mivinje tu, hupitwa na gari zinazokwenda Masoko. Na mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea miezi mitatu na mzigo begani kwa ujira aliokubaliana, aliyeeneza Kiswahili mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa kuliko mwalimu yeyote, amepokonywa hata neno lake la kupumzikia. Njia hiyo ya kati ilipowekwa mwaka 2006 katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa kwa Urithi wa Dunia, iliandikwa kwa jina la biashara ya watumwa na pembe. Hakuna ubaya. Lakini wapagazi nao wangalipaswa kutajwa.

Bara

Mahali pa kale pa bara pana habari nyingine za lugha. Bonde la Oldupai liliandikwa kimakosa Olduvai na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. *Oldupai* ni jina la Kimaasai la aina ya mkonge wa mwituni, likiwa na kiambishi chake cha jinsi ya kiume. Laetoli nayo, kwenye nyayo za miaka ipatayo milioni 3.66 zilizogunduliwa mwaka 1978, hubeba jina la ua. Fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959 lilipewa jina *Zinjanthropus*, na ndani yake mna *Zinj*, lilelile la Wazanji wa al-Jahiz. Hivyo jina lililozaliwa midomoni mwa mabaharia liliwekwa juu ya kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 1.8 kabla ya mashua ya kwanza. Wanasayansi baadaye walimhamishia jina jingine.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imo katika nchi ambamo lugha za Kibantu, Kikushi, na Kisandawe chenye vidoko hupakana kwa siku moja ya mwendo. Baadhi ya mapango hayo bado yana matambiko ya wenyeji. Na Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mifereji na vitalu vya mawe vya mamia ya hekta vilivyoachwa mnamo karne ya 18. Jina la sasa ni la Wamaasai, waliofika baadaye. Waliovichimba waliyaitaje maji yao, hakuna neno lililobaki. Hilo ndilo hame kamili: hata jina limehama.

Lugha ya kumwelezea mgeni

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati ulioshirikisha mafundi wa huko. Kazi hiyo ilithibitisha jambo la kiisimu pia. Fundi wa pwani ana maneno ya kila kipande cha jengo: *matumbawe* na namna ya kuyachonga yakiwa mabichi, *chokaa* na *tanuu* lake, *boriti*, *kidaka* cha ukutani, *kuba*, *mihrabu*, *baraza*, *birika*. Si maneno ya kubuni katika kamati. Hata hivyo maelezo ya majengo haya kwa kawaida huandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha hufasiriwa, na katika kufasiriwa kidaka huwa «shimo la ukutani», na baraza huwa «kiti cha mawe». Mwanafunzi wa sekondari wa Lindi anayeletwa kwa basi kuona urithi wake husoma Kiswahili kilicho duni kuliko kile cha bibi yake.

Njia ya kurekebisha haihitaji fedha nyingi. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, pamoja na wenyeji wanaoyajua majina ya mashimo, visima na miti ya mahali hapo, ndipo yafasiriwe kwa lugha za wageni. Idara za Kiswahili zipeleke wanafunzi Kilwa, Tongoni na Unguja Ukuu kama zile za akiolojia zinavyofanya, wakakusanye majina madogomadogo ambayo hayamo kwenye ramani.

Kazi ya kuanzia ipo. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kuna barua za mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa na kupelekwa kwa Wareno na washirika wao. Mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia, ingawa ni kiasi gani cha lugha yake ni Kiswahili na kiasi gani ni Kiarabu ni suala linalostahili tasnifu. Miongoni mwa waandishi wake ni Fatima, malkia wa Kilwa. Mgeni huambiwa kwamba Kilwa ilikwisha Wareno walipoishambulia mwaka 1505; miaka 206 baadaye kisiwa kilikuwa na malkia, na malkia alikuwa akiandika barua.